Tambi Baridi za Pilipili za Korea

Ukitaja tambi hapa kwetu, wengi hukumbuka tambi za sukari na nazi. Wakorea wanazo zao ambazo huliwa baridi kabisa, zimechanganywa na pilipili, siki na sukari. Nimeulizwa jinsi ya kuzipika nyumbani, nami naanza na asili yake, maana chakula hiki kimesafiri pamoja na wenyewe.

Tambi baridi, kwa Kikorea nengmyoni, zilitoka kaskazini, na zamani zilikuwa chakula cha majira ya baridi. Kitabu cha desturi za mwaka kilichoandikwa 1849 kinazitaja katika vyakula vya mwezi wa kumi na moja. Watu wa Pyongyang huzila katika supu nyepesi. Watu wa Hamhung hutengeneza zao kwa wanga wa viazi, nao ndio wazichanganyao na pilipili.

Vita vilipozuka mwaka 1950, watu wapatao 100,000 walichukuliwa kwa meli mwezi wa Desemba kutoka Hungnam, bandari iliyo karibu na Hamhung, wakapelekwa kusini. Vita vilisimamishwa 1953, lakini mpaka ukafungwa, wala hawakuweza kurudi makwao. Katika mji wa Busan vitu vya kutengenezea tambi za kwao vilikuwa adimu. Kilichopatikana ni unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani. Basi wakatumia huo, na tambi hizo zapendwa Busan mpaka leo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba tambi za ngano si za kweli.

Kwa watu wawili, twaa gramu 200 za tambi nyembamba za ngano. Kwanza tengeneza mchanganyiko: vijiko vikubwa vitatu vya gochujangi, viwili vya siki, kimoja cha sukari, kimoja cha mchuzi wa soya, kimoja cha mafuta ya ufuta, na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Gochujangi ni rojo ya pilipili nyekundu, mchele unaonata, soya iliyochachushwa na chumvi. Ukiikosa, pilipili ya unga peke yake itakuchoma ulimi tu. Onja: yafaa ladha izidi kidogo ile uitakayo, kwa kuwa ubaridi hupunguza utamu.

Chemsha tambi katika maji mengi. Povu likipanda, mimina kikombe cha maji baridi; likipanda tena, mimina kingine. Dakika tatu au nne zatosha.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Zimwage katika chujio, uzioshe kwa maji baridi huku ukizifikicha kwa mikono kama mtu afuaye nguo, ubadilishe maji mpaka yawe meupe kabisa. Tambi zilizochemshwa hufunikwa na utelezi wa wanga. Usipouondoa, hushikamana na kuwa bonge. Tena maji baridi huzuia zisiendelee kulainika. Mara ya mwisho tia barafu, kisha zikamue vizuri, la sivyo pilipili itakuwa majimaji.

Changanya kwa mkono, weka juu yake tango lililokatwa nyembamba na nusu ya yai la kuchemsha, ule papo hapo. Zile za Hamhung ni ngumu hata huletwa mkasi mezani wa kuzikatia. Hizi za ngano meno yatosha.