Mla Magamba wa Ziwa Tanganyika: Mdomo Uliopinda na Jeni Zake

Perissodus microlepis ni samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Hammezi mwenzake mzima, wala hangojei mizoga. Humnyemelea samaki aliye hai kutoka nyuma, humvamia ubavuni, hung'oa magamba machache pamoja na ute na ngozi kidogo, kisha hutoweka. Aliyeshambuliwa hubaki na kovu, lakini kwa kawaida hafi, na magamba yake huota upya. Jina la kitaalamu la samaki huyu lilitolewa mwaka 1898 na G. A. Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kwenye masoko ya Kigoma, Uvira na Bujumbura wanaotafutwa ni dagaa na migebuka. Mla magamba, mkazi wa kwenye mawe karibu na ufuo, umaarufu wake uko zaidi kwa wataalamu wa urithi kuliko kwa wapishi.

Magamba, ambayo jikoni huishia jalalani mara samaki akishapaliwa, ni chakula cha kweli. Yana protini na madini, na chanzo chake hakimaliziki, kwa kuwa samaki aliyenyofolewa leo ataotesha mengine. Ugumu uko kwenye kuyapata. Samaki wanaowindwa wana macho makali na mbio, na wengi wao ni wakubwa kuliko mwindaji. Ndiyo maana mla magamba amejaliwa vifaa maalumu: meno yaliyojipinda kuelekea ndani, taya fupi zenye nguvu, na mdomo usiokaa katikati ya uso.

Mdomo huo ndio kiini cha habari yote. Kikitazamwa kwa juu, kichwa cha samaki huyu kimekwenda upande: kwa baadhi yao mdomo hufunguka kuelekea kulia, kwa wengine kuelekea kushoto. Mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo lake, na mwenye mdomo wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Jambo hilo hueleweka mara moja likifuatwa kwa vitendo. Mwindaji anakuja kutoka nyuma, akipita kushoto kwa windo. Ubavu anaoutaka uko mkono wake wa kulia. Mdomo unaofunguka kulia humgusisha meno mengi zaidi kwenye magamba bila kulazimika kujikunja sana, na katika shambulio linalokwisha kufumba na kufumbua, tofauti hiyo ndogo ndiyo huamua kama atakula au atakosa.

Mwaka 1993, Michio Hori wa Chuo Kikuu cha Kyoto alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia samaki hawa kwa zaidi ya miaka kumi. Aligundua kuwa wenye mdomo wa kulia na wenye mdomo wa kushoto walikaribia nusu kwa nusu, lakini uwiano huo haukutulia. Ulipanda na kushuka kuzunguka nusu, upande mmoja ukizidi kwa muda kisha ukirudi nyuma na kuupisha mwingine, kwa mzunguko wa miaka mitano hivi.

Maelezo yake yaliwaweka wanaowindwa katikati ya hesabu. Wenye mdomo wa kulia wakiwa wengi, mashambulizi mengi hutokea ubavu wa kushoto, na samaki wengine huzoea kuulinda ubavu huo. Wale wachache wenye mdomo wa kushoto hukuta ubavu wa kulia umeachwa wazi. Hula vizuri zaidi na huzaa zaidi, hadi wao nao wanakuwa wengi na macho ya wanaowindwa yanageukia kwao. Hori alikuta kwamba miongoni mwa samaki waliokuwa wakilea vifaranga, wa upande ule uliokuwa na wachache ndio waliojitokeza zaidi. Katika uteuzi asilia, sifa nyingi zenye faida husambaa hadi kuzifuta nyingine. Hapa faida ya sifa ni uhaba wake wenyewe, na kwa hiyo hakuna upande unaoweza kushinda kabisa. Mifano ya namna hii iliyoonekana waziwazi nje ya maabara ni michache, na ndiyo sababu samaki huyu aliingia haraka kwenye vitabu vya kiada.

Ili mzunguko huo uende, upinde wa mdomo lazima urithiwe kwa kiasi fulani. Hori na wenzake waliwachunguza wazazi pamoja na vifaranga vyao, na mwaka 2007 walitoa picha nyepesi kabisa: jeni moja yenye aina mbili, ile ya mdomo wa kulia ikiwa tawala. Wazazi wawili wenye mdomo wa kushoto walipata watoto wa mdomo wa kushoto tu. Mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto walipata watoto nusu kwa nusu. Wawili wa kulia walipata wa kulia wawili kwa kila mmoja wa kushoto. Uwiano huu wa mwisho una kasoro, maana kwa jeni tawala ya kawaida ungetarajiwa watatu kwa mmoja. Watafiti walieleza kwamba kiinitete kinachorithi aina tawala kutoka kwa wazazi wote wawili hakiishi.

Picha hiyo ilipendeza, pengine kupita kiasi. Mwaka 2010 A. Richard Palmer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alionya kuwa ushahidi wa jeni moja haukutosha. Mwaka 2012 timu ya Axel Meyer ya Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ilipima vichwa kwa makini na kukuta kwamba samaki hawagawanyiki katika makundi mawili yaliyotengana. Wengi wako karibu na katikati, wakiwa na upinde mdogo wa huku au kule, na waliopinda sana ni wachache pembeni. Sifa inayosambaa hivyo, kama urefu wa binadamu, mara nyingi ni kazi ya jeni kadhaa, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na mazingira anayokulia kiumbe. Uchunguzi wa baadaye wa jenomu ya mla magamba umeelekea huko huko.

Taya, hata hivyo, haziwindi peke yake. Ni mwili mzima unaotupwa ubavuni kwa windo. Yuichi Takeuchi na wenzake waliwarekodi samaki hawa kwa kamera za kasi kubwa wakati wa kushambulia. Mwili wa mwindaji hujikunja kama herufi C na kujifyatua. Upande wake anaoutegemea, mkunjo huwa mkubwa na wa kasi zaidi kuliko upande wa pili, na mashambulizi hufanikiwa mara nyingi zaidi. Mkunjo wa namna hii katika samaki unahusishwa na seli za Mauthner, jozi ya seli kubwa za neva zilizoko katika sehemu ya nyuma ya ubongo, ambazo kwa kawaida humfyatua samaki anayekimbia hatari. Inaelekea mla magamba amegeuza njia ya neva ya kukimbia kuwa ya kuvamia.

Mwaka 2017 Takeuchi na Yoichi Oda walipeleka swali mbele kwa kutumia samaki wachanga waliolelewa kwa chakula cha maabara, wasiowahi kuonja gamba. Walipowekwa pamoja na windo kwa mara ya kwanza, walishambulia kushoto na kulia bila kuchagua. Hata hivyo, tangu shambulio la kwanza, mkunjo wa mwili ulikuwa na nguvu zaidi upande mmoja, ule unaolingana na upinde wa mdomo. Majaribio yalivyorudiwa, kila mmoja aliuegemea upande wake wenye nguvu, na idadi ya magamba aliyoyapata ikaongezeka. Nguvu ya upande ilikuwepo kabla ya uzoefu wowote. Kuutumia upande huo kulikuja kwa kula na kukosa.

Kujifunza huko nako kuna umri wake. Katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2022, samaki waliokutana na windo wakiwa wachanga waliujua upande wao haraka. Waliocheleweshwa hadi utu uzima waliendelea kushambulia huku na huku kwa kiwango kikubwa zaidi, ingawa midomo yao ilikuwa imepinda kama ya wenzao.