Mishipa Inayozibika Kimya Katika Moyo Uliopandikizwa

Tarehe 2 Januari 1968, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Profesa Christiaan Barnard na wenzake walimpandikizia moyo daktari wa meno Philip Blaiberg. Moyo huo ulitoka kwa kijana wa miaka 24. Blaiberg alirudi nyumbani na kuishi zaidi ya miezi 19. Alipofariki Agosti 1969, uchunguzi wa maiti ulifichua jambo lililowashtua wataalamu: ateri za moyo ule wa kijana zilikuwa zimeharibika vibaya, mithili ya za mzee aliyeugua kwa miaka mingi.

Ugonjwa huo haufanani kabisa na ule wa kawaida wa mishipa ya moyo. Katika ule wa kawaida, mafuta hujikusanya sehemu fulani za mshipa na kwingine kukabaki wazi. Katika moyo uliopandikizwa, utando wa ndani wa ateri hunenepa pande zote, kwa urefu wa mshipa wote, hadi kwenye vitawi vidogo. Chanzo kikuu ni kinga ya mwili, ambayo huziona seli za mishipa ya mchangiaji kuwa ngeni na kuzijeruhi taratibu. Lehemu, shinikizo la juu la damu, kisukari, sigara na maambukizi ya virusi vya sitomegalo huzidisha madhara. Miaka 5 baada ya upandikizaji, takribani mgonjwa 1 kati ya 3 huonekana kuwa nao. Kufikia miaka 10, ni karibu nusu.

Hatari yake kubwa ni ukimya. Neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na ingawa baadhi huota upya, wagonjwa wengi hawasikii yale maumivu ya kifua ambayo kila mhudumu wa afya amefundishwa kuyauliza. Swali hilo peke yake, basi, halitoshi. Uchovu usioelezeka, pumzi kukatika, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio au kuzirai ndizo dalili za kuulizia, na hata hizo huweza kuchelewa. Ndiyo maana vituo vya upandikizaji hupiga picha za mishipa kwa ratiba, hata kwa mtu anayejihisi mzima.

Tiba ina mipaka. Vyuma vya kutanulia mshipa husaidia penye mbano mmoja, lakini si pale mshipa wote uliposinyaa. Kwa wachache, njia inayobaki ni kupandikizwa tena. Kinga, kwa hiyo, ina thamani zaidi. Dawa za statini huanzishwa mapema, hata lehemu ikiwa ya kawaida, na dawa kama everolimusi na sirolimusi hupunguza kasi ya unene huo.

Mgonjwa aliyepandikizwa ng'ambo akirejea nyumbani, mara nyingi hatari huanzia kwenye dirisha la dawa. Rifampisini, inayotumiwa kutibu kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha takrolimusi na siklosporini katika damu, na kuuacha moyo bila ulinzi. Klarithromisini hufanya kinyume, ikahatarisha figo. Kabla ya kuandika dawa yoyote mpya, mhudumu awasiliane na kituo kilichofanya upandikizaji. Naye mgonjwa asiache wala kupunguza dozi kwa sababu tu anajihisi amepona, na kila aendapo kutibiwa abebe orodha ya dawa zake.