Bahari Ilivyopanda Upare

Wapare ni watu wa milima, lakini historia yao haikamiliki bila bahari. Katika vilima vya Mbaga, Pare Kusini, mgeni huonyeshwa mapango ya Mghimbi. Wenyeji husimulia kwamba miaka ya 1860 watu walijificha humo na watoto wao, wakiwakimbia wasaka watumwa. Aliyekamatwa aliteremshwa kwa kufuata bonde la Mto Pangani hadi pwani, akapakiwa jahazini kwenda Zanzibar. Manowari za Waingereza zilikuwa zikivizia majahazi yaliyopeleka watumwa nje ya milki ya Sultani wa Zanzibar, ila ulinzi wao uliishia ufukweni. Hata Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 5 Juni 1873 wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, wafanyabiashara waliwaswaga mateka kwa miguu kando ya mwambao. Kwa Mpare wa enzi hizo, pango lilifaa kuliko manowari.

Katika vilima hivyo hivyo kuna jiwe la Malameni, ambako inasemwa watoto walitolewa kafara kutuliza mizimu, mpaka miaka ya 1930.  Kati ya jiwe na mapango, mimi nayachagua mapango: yanatuonyesha watu waliojiokoa wenyewe.

Mara ya pili bahari ilikuja kwa reli, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliifuata huko kwa meli za kina kifupi, Severn na Mersey, na Julai 11, 1915 ikaangamia. Wajerumani hawakuiachia mikoko mizinga ya meli yao. Waliiopoa yote 10, ya milimita 105, wakaitengenezea magari ya kukokotwa nchi kavu. Mmoja uliwekwa Kahe, kituo cha reli ya Tanga kaskazini mwa milima ya Pare. Machi 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipowabana, Wajerumani waliulipua wenyewe wakarudi nyuma. Mwezi Mei vita vikateremka kwa kufuata reli, huku safu moja ya Waingereza ikikatiza pengo la Ngulu katika milima ya Pare kuelekea Same.

Anayetaka kuuona mzinga wa Königsberg aende Fort Jesus, Mombasa. Upo pale pamoja na mmoja wa Pegasus, nao uliopolewa baharini ukatumika vitani.