Penye Miti Tuwe na Wajenzi: Tuliyojifunza Siku ya Wapasua Mbao

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Huku kwetu mashariki ya Mlima Kenya, methali hiyo tunaiona kwa macho. Simama juu ya kilima chochote utazame chini: kila mpaka wa shamba la kahawa una mstari wa migrevilea, na kando ya mto kuna mikaratusi. Lakini ingia ndani ya nyumba. Kitanda kimenunuliwa mjini, mlango umenunuliwa mjini, na pesa za mti zilikwisha siku ile ile zilipolipwa.

Mama mmoja wa kikundi cha wajane alikuja ofisini kwangu akiwa na uchungu. Wakati wa kulipa karo, broka alifika kwake, akatembea shambani, akaitazama miti sita kwa macho tu na kutaja bei. Mama alikuwa na haraka, akakubali. Miezi michache baadaye alienda sokoni kununua mbao nne za kutengeneza kitanda cha mtoto. Kwa mbao hizo nne alilipa karibu sawa na alicholipwa kwa mti mzima. Akaniuliza, "Sasa dada, mti wangu ulikuwa na mbao ngapi?" Sikuweza kumjibu. Nilienda kwa mafundi wawili, nao wakanipa majibu mawili tofauti.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuwaite wapasua mbao wa sehemu hii wakae pamoja siku moja. Tuliwaita wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao hii ndiyo kazi yao ya kila siku: vijana wa pawasoo, na fundi mwenye mashine ya msumeno wa duara inayovutwa na injini ya dizeli. Wa pili ni wale wanaopasua kwa kupenda: mwalimu mstaafu aliyejiundia fremu ya chuma ya kuongoza pawasoo yake, mkulima anayejipasulia mbao za zizi, na mzee mmoja aliyekuwa akipasua kwa msumeno wa shimo, mtu mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo. Vikundi vya kina mama na vya vijana pia vilikaribishwa.

Nakiri kwamba niliogopa watagombana. Wenye kazi huwaona wale wengine kama watu wa kuwaharibia soko. Wale wengine nao huwaona wenye kazi kama wezi. Asubuhi kweli kila kundi lilikaa upande wake. Kilichowaleta pamoja ni gogo.

KUPIMA GOGO

Mgrevilea mmoja ulikuwa umeangushwa na upepo, na gogo lake likaletwa uwanjani. Tuliwaomba watu wote, mmoja mmoja, wakisie kwa macho litatoa vipande vingapi vya mbili kwa nne. Mmoja alisema vitatu, mwingine akasema kumi na tano! Kicheko kikawa kikubwa, lakini yule mama mjane hakucheka. Alisema, "Basi na mimi niliuza hivyo hivyo."

Mwalimu mstaafu akachukua kamba akatuonyesha njia ambayo mtu yeyote aliyesoma hesabu za shule ya msingi anaweza kuifuata. Iandikeni katika kitabu cha kikundi:

1. Zungusha kamba katikati ya gogo, mahali gome lilipobanduliwa. Pima kamba hiyo kwa inchi. Gogo letu lilikuwa karibu inchi 38.

2. Gawanya kwa 22, kisha zidisha kwa 7. Utapata kipenyo, yaani upana wa gogo kupitia katikati. Letu lilikuwa inchi 12.

3. Zidisha kipenyo kwa kipenyo: 12 mara 12 ni 144. Zidisha kwa 11, gawanya kwa 14. Utapata karibu inchi 113 za mraba. Huo ndio uso wa gogo.

4. Kipande cha mbili kwa nne kina uso wa inchi 8 za mraba. Gawanya 113 kwa 8. Ni vipande 14, kila kimoja na urefu wa gogo lenyewe. Letu lilikuwa futi 12.

5. Sasa kata nusu. Gogo ni la mviringo na mbao ni za pembe nne, kwa hivyo pembeni kunabaki mabanzi. Msumeno nao unakula sehemu yake. Kwa gogo kama hilo, fundi akipata karibu nusu amefanya kazi nzuri. Kwa hivyo tarajia vipande kama 7.

Baada ya hesabu, gogo likapasuliwa. Tulipata vipande 6 vya mbili kwa nne na mbao 2 za inchi 6 kwa 1. Ukijumlisha ni kidogo zaidi ya vile vipande 7 vya kwenye karatasi. Watu walipiga makofi. Kamba ya shilingi chache imeshinda jicho la broka.

Lakini tusimkosee broka pia. Analipa mpasuaji, anachoma mafuta, anakodi gari, na mti ukiwa umeoza ndani hasara ni yake. Bei ya mti uliosimama haiwezi kuwa sawa na bei ya mbao zilizopasuliwa. Kupima hakukusudiwi kumfukuza mnunuzi. Kunakusaidia kuzungumza naye ukijua unachouza.

MSUMENO UNAKULA KIASI GANI?

Hapo vijana wa pawasoo walianza kuulizwa maswali magumu. Kwa nini mtu akipasuliwa kwa pawasoo anapata mbao chache na vumbi jingi?

Jibu liko katika upana wa njia ya msumeno. Mnyororo wa pawasoo hukata njia ya karibu milimita 8. Ubao wa inchi moja una milimita 25. Kwa hivyo kila ukikata mara tatu, ubao mmoja mzima umekuwa unga! Msumeno wa duara hukata njia nyembamba kidogo. Msumeno wa ukanda, ule mwembamba unaozunguka kama mkanda wa mashine ya posho, hukata njia ya karibu milimita 2 tu. Huo utakata mara kumi na mbili kabla ya kupoteza ubao mmoja.

Je, pawasoo ni mbaya? Hapana. Inabebwa begani mpaka kwenye mteremko ambako trekta haifiki, na bei yake ni ndogo kuliko ya mashine nyingine. Kinachoharibu ni kupasua kwa mkono mtupu bila kiongozi. Mbao zinatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na fundi seremala anazikataa au anakata bei. Fremu ya mwalimu inashika pawasoo isiyumbe, na mbao zinatoka sawa. Kijana mmoja mwenye kazi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, nikubalie nipime hii fremu yako, nikamwonyeshe fundi wa kuchomelea." Mwalimu alimpa hata na mchoro. Yule kijana naye akamwonyesha mwalimu kunoa meno ya mnyororo kwa tupa. Kwa kukata gogo kwa kulikingama, meno mengi hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30. Kwa kupasua kwa urefu, pembe ya nyuzi 10 hutoa ubao laini zaidi. Mwalimu hakuwa amelijua hilo miaka yote.

MALALAMIKO YA WAPASUAJI

Wenye mashine nao walipewa nafasi. Lalamiko lao la kwanza lilitunyamazisha sote: misumari. Wakulima wengi hupigilia seng'enge kwenye miti ya mpakani. Mti unakua na kuimeza. Baada ya miaka mingi msumeno unagonga chuma ndani ya gogo, meno yanavunjika, na kipande kinaweza kuruka kama risasi. Ndugu mkulima, ukiwa umepigilia chuma, sema. Vizuri zaidi, funga seng'enge kwenye nguzo, mti ubaki mti.

La pili ni mafundo. Matawi yakiachwa hadi yawe manene ndipo yakatwe, yanaacha mafundo makubwa yanayodhoofisha mbao. Punguza matawi ya chini mti ukiwa bado mchanga, karibu na shina bila kulijeruhi. Kuni utapata, na mbao pia.

La tatu ni mikaratusi. Mkaratusi una nguvu nyingi zilizojikaza ndani yake. Ukiangushwa unaanza kupasuka kwenye ncha, na mbao zinaweza kupinda msumeno ukiwa bado ndani. Usiulaze kwenye jua kwa majuma. Upasuliwe mapema, na gogo ligeuzwe ili likatwe kidogo upande huu, kidogo upande ule.

UHAI KWANZA

Fundi wa msumeno wa duara aliinua mkono wake wa kushoto mbele ya watu. Vidole viwili havipo. Alisema alikuwa amebakiza inchi chache kumaliza ubao, akausukuma kwa mkono badala ya kijiti. "Kijiti kilikuwa hapo hapo karibu na mguu wangu," alisema. Hakuna mwezeshaji angeweza kutoa somo zuri kuliko hilo. Tulikubaliana haya:

- Mwisho wa ubao husukumwa kwa kijiti, hata kama una haraka.

- Msumeno wa duara uwe na kifuniko, na nyuma yake kisu cha chuma kinachozuia ubao usiubane na kurushwa kwa mwendeshaji.

- Usikate kwa ncha ya juu ya pawasoo. Ncha ikigusa kitu, pawasoo huruka kuelekea usoni.

- Leso, shuka na nguo zinazoning'inia zikae mbali na mashine. Vaa viatu vigumu, kinga macho na masikio.

- Watoto wasikaribie. Aliyekunywa pombe asiguse mashine, hata kama ni mwenye mashine.

- Unga wa mgrevilea huwawasha watu wengine na kuwatoa vipele. Vaa mikono mirefu, funika pua, na uoge baada ya kazi.

MBAO MBICHI NI PESA MBICHI

Yule mzee wa msumeno wa shimo alikuwa amenyamaza muda mwingi. Alipoombwa kusema, alisema kwamba siku hizi watu wanauza maji. Ni kweli. Mbao mbichi ina maji mengi, na ikipigwa msumari mapema inajikunja na mlango haufungi.

Njia ya mzee ni hii. Panga mbao chini ya paa, juu ya mawe au magogo, zisiguse udongo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kama inchi moja, kila baada ya futi mbili, na vijiti vyote visimame mstari mmoja juu hadi chini. Paka ncha za mbao rangi iliyobaki ili zisipasuke. Weka uzito juu. Upepo upite, jua lisipige. Ubao wa inchi moja utachukua miezi kadhaa kukauka. Ukitaka kujua kama umekauka, pima uzito wa ubao mmoja kila juma. Uzito ukiacha kupungua, uko tayari.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA VIKUNDI

Mwaka 1999 serikali ilizuia upasuaji wa mbao katika misitu yake, na zuio hilo likadumu miaka mingi. Februari 2018 marufuku nyingine ikatangazwa, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa; jambo hilo likafikishwa mahakamani mwaka huo huo. Kila mara msitu unapofungwa, wanunuzi hugeukia mti wa mkulima mdogo. Asiyejua thamani ya mti wake ndiye anayeumia. Na kabla ya kukata, pitieni ofisi ya misitu iliyo karibu nanyi na ofisi ya kaunti, mwulize kuhusu vibali vya kukata na kusafirisha. Mbao zikikamatwa njiani, hasara ni yenu.

Vikundi vingine viliniuliza kama wanunue mashine mara moja. Nawaomba msikimbilie. Anzeni na kamba, kitabu na banda la kukaushia. Mkodisheni mpasuaji, mwandikiane mapema atalipwa kwa futi au kwa siku, na mabanzi ni ya nani. Hesabuni pia miti mliyo nayo na mpande mingine. Mashine isiyo na magogo hulala kama gari lisilo na mafuta, na deni lake halilali.

Jioni watu hawakukaa tena pande mbili. Yule mama mjane alipewa ile kamba. Bado ana miti minane shambani. Kabla ya kwenda aliniambia atauza miwili tu mwaka huu, na kabla ya kutaja bei atauzungusha kamba kila mti mbele ya mnunuzi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho mwanakikundi kuuza mti, nani alitaja bei kwanza? Alipima?

2. Katika kijiji chetu ni nani wanaojua kupasua mbao, kwa kazi au kwa kupenda? Tumewahi kukaa nao?

3. Ni miti mingapi ya mpakani yenye misumari? Tutaanza lini kuweka nguzo?

4. Tuna mahali pa kukaushia mbao pamoja?