Land Rover ya zamani imelala kwa kukosa raba ya breki: spea ndogo zinatafutwaje?

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe kwenye kipindi cha asubuhi. Marehemu baba yake aliacha Land Rover 109, ile ndefu, na kwa miaka mingi imekaa chini ya mwembe. Yeye na wadogo zake wameamua kuifufua. Injini imesafishwa na imewaka. Kilichowakwamisha ni raba ndogo za ndani ya silinda za breki, kila moja ikiwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa. Wametafuta mjini mara tatu bila kuzipata.

Fundi wao amesema atakata raba kwenye tyubu la tairi ili gari litembee. Mnunuzi wa chuma chakavu naye ameshafika nyumbani mara mbili, akitaka kulipima kwa kilo. Msikilizaji akauliza: "Tuendelee kutafuta, au tuuze?"

Hewani tulimjibu kwa dakika mbili tu. Hapa tunaeleza kwa kirefu, kwa sababu tunajua magari ya aina hii bado yapo vijijini kwetu: ya familia, ya misheni, ya vyama vya ushirika. Maelezo haya yatamfaa pia mwenye trekta la zamani au mashine ya kusaga.

Kwa nini kitu kidogo ndicho kigumu kupata?

Spea kubwa za gari la zamani hazipotei haraka. Milango, giaboksi na difu utavikuta nyuma ya gereji nyingi, kwenye magari yaliyokufa. Bodi ya Land Rover hizi ni ya aloi ya alumini, hivyo haili kutu kama chasisi, ambayo ni ya chuma.

Raba, sili na gasketi ni habari nyingine. Huwezi kuvitoa kwenye gari lililokufa, kwa sababu humo navyo vimekwisha. Mwenye duka naye huweka kinachouzika kila siku, na leo hicho ni spea za Toyota. Hawezi kufungia pesa yake kwenye kifaa kitakachoulizwa mara moja kwa mwaka.

Lakini kigumu kupatikana si sawa na kisichopatikana. Land Rover za mfululizo wa tatu zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ziliuzwa nchi nyingi. Uingereza hadi leo kuna kampuni zinazotengeneza spea zake, zikiwemo raba za breki. Kazi yako ni kujua jina kamili la unachokitafuta.

Kwanza, lijue gari lako

Ukiingia dukani ukasema "nataka raba ya Land Rover", utapewa yoyote iliyopo. Yapo matatu ya kuandika kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani.

La kwanza ni urefu. Namba 88 na 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Tofauti hiyo inaingia hadi kwenye breki. Kwa kawaida 88 ina ngoma za breki za inchi 10, na 109 ina za inchi 11. Tena 109 ina silinda mbili kwenye kila gurudumu la mbele na moja kwenye kila gurudumu la nyuma, jumla silinda 6. Kwenye 88 kila gurudumu lina silinda moja, jumla 4. Ukinunua seti za magurudumu manne kwa hesabu ya 88, gari lako la 109 litabaki na silinda mbili zenye raba za zamani.

La pili ni namba ya chasisi. Itafute kwenye kibati kilichofungwa ndani, upande wa dashibodi. Kama kibati kimepotea, angalia chasisi yenyewe mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inapofungwa. Safisha matope na kutu kwa brashi ya waya, kisha soma.

La tatu ni herufi. Kwenye mengi ya magari haya namba ya chasisi, ya injini na ya giaboksi huishia na herufi kama A, B, C au D. Watu wengi huiacha. Herufi hiyo inaonyesha kwamba kiwanda kilibadilisha kitu fulani ndani, na spea ya herufi moja inaweza isiingie kwenye nyingine. Na kama injini au giaboksi ilishabadilishwa, fuata namba iliyoandikwa juu yake, usifuate ya chasisi.

Pili, kisome kifaa chenyewe

Spea nyingi ndogo zimeandikwa, ila maandishi yamefunikwa na oili. Osha kifaa, kikauke, kisha paka chaki juu yake na ufute polepole kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya maandishi na namba zitasomeka. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba juu na kusugua kwa penseli.

Hapa ndipo wengi huokoa pesa, kwa sababu baadhi ya vifaa si vya Land Rover peke yake. Chukua beringi za duara za kawaida. Yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje milimita 47 na unene milimita 14, iwe imetoka kwenye gari, kwenye pampu ya maji au kwenye mota ya umeme. Kwa hiyo duka la beringi linaweza kukusaidia hata kama halijawahi kuuza spea ya gari.

Oili sili nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu la ndani linaloshika shafti, duara la nje, na unene. Ukiona 35-50-8, hizo ni milimita. Lakini sili nyingi za Land Rover za zamani zilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Usikubali "inakaribia". Sili inayokaribia huvuja.

Boliti zinadanganya zaidi. Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa karibu milimita 7.9, na boliti ya kisasa ya M8 ina milimita 8. Kwa macho ni mapacha. Meno yake ni tofauti: ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itang'oa meno ya ndani. Kanuni ni rahisi: kama nati haiingii kwa vidole, usishike spana.

Tatu, piga picha inayoeleweka

Simu uliyonayo inaweza kukuokolea nauli ya kwenda mjini, ila picha iliyopigwa gizani juu ya ardhi haimsaidii muuzaji. Weka kifaa safi juu ya karatasi nyeupe mchana. Weka rula kando yake. Piga ukiwa umeinamia moja kwa moja juu, kisha upande, kisha karibu kabisa na namba. Ongeza picha ya pale kinapofungwa kwenye gari. Tuma pamoja na yale mambo matatu ya mwanzo.

Kifaa kilichoharibika usikitupe hadi kipya kifike na kufungwa. Hicho ndicho sampuli yako.

Wapi pa kutafuta?

Anza na watu. Mafundi wazee waliofanya kazi kwenye karakana za serikali, za misheni na za hifadhi za wanyama waliyafungua magari haya kila wiki. Wengine bado wana makopo ya spea zilizobaki, na wasio nazo wanajua nani anazo. Nenda kwa adabu zote, umwamkie mzee, umweleze gari lako, na usianze na bei.

Arusha ni mahali pa kuuliza. Utalii umeyaweka hai magari haya kule, na Oktoba 2024 mji huo ulifanya tamasha la Land Rover lililokusanya magari mengi, ya zamani na mapya. Panapokuwa na magari yanayotembea pana mafundi, na panapokuwa na mafundi pana spea. Dar es Salaam, watu huanzia maduka ya Kariakoo na Gerezani. Walio karibu na mpaka wa Kenya huuliza Nairobi kwenye barabara ya Kirinyaga, maarufu kwa jina la Grogan.

Hatua ya mwisho ni kuagiza nje. Kwa raba ndogo, bei ya kifaa si tatizo. Tatizo ni usafirishaji, ushuru na kodi, ambavyo vinaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe. Kwa hiyo usiagize raba moja. Andika kila kitu kidogo kitakachohitajika mwaka huu, kisha tafuta wenye magari kama lako muagize kwa pamoja na kugawana gharama.

Angalizo kwa spea zilizokaa sana dukani: raba huzeeka hata ndani ya boksi lisilofunguliwa. Ikunje kidogo kwa vidole. Ikionyesha nyufa au ikiwa ngumu kama plastiki, iache, hata kama boksi linang'aa.

Kipi kinaweza kuchongwa, na kipi kisichongwe?

Mafundi wetu wa kukereza vyuma wana uwezo mkubwa. Bushi za shaba, pini, washa na vishikizo vya bomba vinachongwa vizuri ukipeleka sampuli. Gasketi za karatasi za mfuniko wa difu au pampu ya maji unaweza kuzikata mwenyewe kwenye karatasi maalumu ya gasketi inayouzwa madukani. Hata silinda ya breki iliyolika ndani, fundi mzuri anaweza kuitoboa na kuivisha bomba jipya ndani, ikarudi kwenye kipimo chake cha awali.

Lakini raba za breki, mipira ya bomba za breki, viungo vya stelingi na gasketi ya silinda hedi havichongwi kienyeji.

Tueleze kwa nini, maana ndilo swali la msikilizaji wetu. Raba ya breki si kizibo tu. Ina umbo la kikombe chenye mdomo mwembamba. Unapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma mdomo ule ubane ukuta wa silinda, na kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo unavyozidi kubana. Kipande bapa cha tyubu hakina mdomo huo. Kinaweza kushika gari likiwa limesimama uani, kisha kikaachia kwenye mteremko likiwa na watu na mizigo.

Tena mengi ya magari haya yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Raba moja ikiachia, pedali inazama na hakuna gurudumu linaloshika. Mwenye gari la aina hiyo hana breki ya akiba zaidi ya ile ya mkono.

Na hata ukipata raba sahihi, usizioshe kwa petroli wala dizeli, na usizipake grisi ya kawaida au oili ya injini. Vitu hivyo huvimbisha raba hizi na breki hung'ang'ania. Zilowanishe kwa mafuta mapya ya breki tu.

Kabla hujatuma pesa kwa simu

Wanaotafuta vitu adimu ni windo rahisi la matapeli, kwa sababu wakiambiwa "ninacho" hufurahi mno. Mwombe muuzaji akupigie picha ya kifaa kikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Aliye nacho mkononi atafanya hivyo kwa dakika moja. Mkubaliane mapema kama kitarudishwa kisipoingia, na nani atalipa nauli ya kifurushi kwenye basi. Kama una ndugu au rafiki mji ule, mtume akakione kabla ya malipo. Anayekuharakisha kwa kusema "kuna mtu mwingine anakitaka sasa hivi", mwache ampe huyo mtu mwingine.

Jibu letu kwa msikilizaji

Msiuze kwa kilo kwa sababu ya raba. Kinachoamua hatima ya gari hilo ni chasisi. Lalieni chini yake, mgonge chuma kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Kikilia vizuri, gari lina maisha. Nyundo ikizama au vipande vya kutu vikianguka, itisheni kwanza hesabu ya mchomeleaji, kisha mlinganishe na uwezo wenu.

Kama chasisi ni nzima, pimeni silinda zote 6 na master silinda, andikeni orodha, na mtafute seti kamili kwa mara moja. Hadi hapo gari libaki chini ya mwembe, limewekewa mawe kwenye magurudumu. Injini mnaweza kuiwasha mara kwa mara. Barabarani lisitoke na raba za tyubu, hata kwa safari fupi ya kwenda mashineni.

Kama una gari kama hili, au unamfahamu fundi wa zamani mwenye kopo la spea, tutumie ujumbe kwa namba ya kipindi. Tutamuunganisha na msikilizaji wetu.