Ndege za Umeme (Sehemu ya Pili): Umeme wa Ndani na Umeme wa Kurukia

Wataalamu wa usafiri wa anga hutenganisha aina mbili za ndege ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: ndege yenye umeme mwingi, ambayo bado husukumwa na injini za mafuta ingawa kazi zake nyingi za ndani zimehamishiwa kwenye umeme, na ndege ya umeme mtupu, ambayo hata msukumo wake hutokana na betri na mota. Aina ya kwanza Watanzania wanayo tayari, kwani Boeing 787-8 iliyopokewa na Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) Julai 2018 ndiyo mfano wake mashuhuri.

Katika ndege nyingi, hewa ya moto iliyoshindiliwa huchotwa ndani ya injini na kupitishwa kwenye mabomba ili kuwapatia abiria hewa ya kupumua, kuzuia barafu kwenye mabawa na kuwasha injini. Na kwa kuwa hewa hiyo imekwisha kushindiliwa kwa gharama ya mafuta, kuichota ni kuipunguzia injini nguvu. Waliosanifu 787 waliyaondoa mabomba hayo karibu yote, wakaweka katika kila injini jenereta mbili za kilovolti-ampia 250 kila moja, na mbili nyingine za 225 kwenye injini ndogo ya mkiani. Umeme huo hushindilia hewa inayovutwa moja kwa moja kutoka nje, hupasha mabawa joto na hubana hata breki za magurudumu.

Mageuzi hayo hayakupita bila msukosuko. Januari 2013, baada ya betri ya lithiamu kuwaka moto katika uwanja wa Boston na nyingine kuharibika kwa joto nchini Japani, 787 zote duniani zilizuiwa kuruka. Ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Ethiopian Airlines, iliyoruka kutoka Addis Ababa hadi Nairobi Aprili mwaka huohuo.

Kwa ndege ya umeme mtupu kikwazo ni uzito. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati ya takriban saa-wati 12,000, ilhali kilo ya betri nzuri hubeba kama 250. Mota hupoteza nishati kidogo kuliko injini, lakini pengo hilo halizibiki kwa hilo pekee, tena mafuta hupungua kadiri safari inavyoendelea, betri haipungui uzito. Ndiyo maana Velis Electro, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, hubeba watu wawili tu kwa muda usiofika saa moja, na ndege ya ES-30, iliyobuniwa Sweden, imekusudiwa kwenda kilomita 200 kwa betri, wakati kutoka Issuna, wilayani Ikungi, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari mnyofu. Msafiri wa Issuna anayetaka kufika Dar kwa umeme hana budi kupanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, ambayo huchota umeme kwenye nyaya za juu njia nzima na kwa hiyo haina haja ya kubeba nishati yake mgongoni.