Mutarule: Je, damu ya jamaa inaweza kumtaja muuaji?

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wenye silaha waliingia Mutarule, kijiji cha uwanda wa Ruzizi katika eneo la Uvira, wakaua watu wasiopungua 30. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa visu, wengine waliungua kwa moto. Wengi walikuwa wamekusanyika kwenye ibada iliyofanyika nje. Mwezi uliofuata, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba jeshi la serikali na walinda amani wa MONUSCO, waliokuwa Sange, umbali wa kilomita 9, walipata habari shambulio likiendelea lakini hawakulizuia.

Kwa jamaa za watu waliouawa namna hiyo, swali la kwanza ni moja: nani alifanya? Miaka haifuti swali hilo, wala haifuti kesi. Kadiri ya Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, makosa dhidi ya ubinadamu hayana muda wa kuisha.

Katika nchi nyingine, kesi za zamani za mauaji zimeanza kufunguka kwa njia mpya: ADN ya ndugu wa muuaji. Mfano unaojulikana zaidi ni wa California, Marekani. Polisi walimtafuta kwa miaka zaidi ya 40 mtu aliyebaka na kuua kati ya miaka ya 1970 na 1986. ADN yake ilikuwapo, lakini haikufanana na ya mfungwa yeyote.

Wapelelezi waliiweka ADN hiyo kwenye hifadhi ambazo watu wa kawaida hutumia kutafuta ukoo wao, mojawapo ikiitwa GEDmatch. Muuaji mwenyewe hakuwamo. Walipatikana watu wa ukoo wake wa mbali.

Hesabu yake ni hii. Mtoto ana nusu ya ADN ya mama na nusu ya baba. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana karibu sehemu moja kwa nane. Kadiri udugu unavyokwenda mbali, ndivyo sehemu hiyo inavyopungua. Kwa kipimo hicho wataalamu hukadiria babu wa pamoja yuko vizazi vingapi nyuma, kisha hushuka tawi kwa tawi wakitumia vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, mpaka wabaki na majina machache. Hapo polisi huchukua ADN ya mshukiwa mwenyewe na kulinganisha.

Ndivyo Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi, alivyokamatwa Aprili 2018 akiwa na miaka 72. Mwaka 2020 alikubali mauaji 13 na kufungwa maisha. Lakini kazi hiyo isingewezekana kama daktari mmoja wa Ventura, mwaka 1980, asingetayarisha sampuli ya pili na kuiweka kwenye barafu. Ilikaa humo zaidi ya miaka 35.

Je, njia hiyo ingefaa Mutarule? Kwa kumtafuta muuaji, ni vigumu. Mtu anayefyatua risasi kwa mbali gizani mara nyingi haachi damu wala mate yake. Hifadhi za ukoo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na watu wa Ruzizi humo ni wachache mno. Tena, ukoo wa familia nyingi za Kivu hauko kwenye vyeti, uko kichwani mwa wazee.

Kuna hatari nyingine. Katika uwanda ambapo kila mauaji huamsha lawama kati ya jamii, mtu anaweza kudhani ADN itaonyesha kabila lenye hatia. Haifanyi hivyo. Inayo uwezo wa kumtambua mtu mmoja, na mahakama huhukumu mtu mmoja mmoja kwa alichofanya. Kabila halina alama ya kidole.

Mahali ambapo damu ya jamaa inasaidia kweli ni kuwapa wafu majina. Nchini Kenya, baada ya maiti zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023, familia zilitoa sampuli ili zilinganishwe na maiti, na Machi 2024 zikaanza kupewa wafu wao. Argentina ilianza kazi ya namna hiyo miaka ya 1980, pale bibi walipotoa damu yao ili kutafuta wajukuu walionyang'anywa na utawala wa kijeshi.

Kusini mwa Uvira, swali hilo linagusa Makobola, katika eneo la Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema watu zaidi ya 800 waliuawa huko kati ya Desemba 1998 na Januari 1999. Ili kutambua mifupa, ADN ya mama, baba, mtoto au ndugu wa tumbo moja ndiyo yenye nguvu zaidi. Kila mzazi anayezikwa anaondoka na jibu hilo.

Kivu ya Kusini imeonyesha kwamba ushahidi ukitunzwa, haki hufika. Katika kesi ya watoto wa kike wa Kavumu, madaktari wa hospitali ya Panzi waliandika na kuhifadhi waliyoyaona. Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwamo mbunge wa jimbo.

Kwa hiyo kazi inaweza kuanza kabla ya maabara. Familia inaweza kuandika majina ya marehemu, nani ni mtoto wa nani, na nani angali hai. Nguo yenye damu ikaushwe na kuwekwa ndani ya karatasi, kwani kwenye plastiki huoza. Na kaburi lisichimbwe na raia wenyewe: anayefukua bila amri ya sheria na bila mtaalamu anaweza kuharibu kitu pekee kilichobaki cha kumsemea aliyelala humo.